Eneo Halina Kaburi

Sentensi iliyonikwamisha ina maneno matano tu. Dalali aliiandika kwa kalamu ya bluu kwenye muhtasari wa kikao cha familia, kati ya vipimo vya kiwanja na majina ya mashahidi: "Eneo halina kaburi wala mgogoro." Chini yake kuna mistari sita ya saini. Mitano imeshajazwa. Wa sita ni wangu.

Kiwanja kipo Sakina, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Namanga, upande wa juu, ambapo asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Meru mpaka kileleni. Nilipokuwa mdogo palikuwa na migomba, mibuni michache iliyozeeka, na mfereji uliopitisha maji kwa zamu. Leo kushoto kwetu kuna gereji, kulia saluni na wakala wa pesa za simu, na daladala za Ngaramtoni zinapiga honi tangu alfajiri. Mnunuzi anataka kujenga fremu za maduka. Simlaumu. Ningekuwa na hela zake, labda na mimi ningejenga fremu.

Katikati ya migomba iliyobaki yamesimama mawe mawili. Ni mawe ya huku kwetu, meusi, yenye vitundu kama mkate. Moja linanifika kiunoni, la pili gotini, na kati yake unaweza kupita ukiwa umebeba mkungu wa ndizi begani. Hayakuchongwa. Hayana maandishi. Lakini mawe ya mlima huu, ukiyaacha peke yake, hulala. Haya yamesimama, maana yake kuna mtu aliyeyasimamisha.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, hakupita pale mikono mitupu. Aliokota kijiwe akakiweka chini ya lile kubwa, au aling'oa unyasi akauchomeka. Hakusema kitu. Sisi wajukuu tulimfuatisha kama watoto wanavyomfuatisha mtu mzima kukohoa. Nilipomuuliza kuna nini pale, alinijibu, "Kuna mawe." Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye nimeanza kuamini kwamba huo ndio ulikuwa ukomo wa alichokijua, na hakutaka kunidanganya.

Dalali alipoleta karatasi niliomba wiki mbili. Nikaenda kuwauliza wazee watatu wanaolijua eneo tangu halijawa mji. Wa kwanza alisema ni kaburi la mzee aliyeongoza uchimbaji wa mfereji. Wa pili alicheka: hapo palikuwa lango la boma, mawe yalizuia ng'ombe wasigonge nguzo. Wa tatu alisema hapo koo mbili zilipatana baada ya ugomvi wa mpaka, na mawe ni mashahidi. Kila mmoja alikuwa na uhakika. Nilipowaambia majibu ya wenzao, kila mmoja alisikitika jinsi uzee unavyoharibu kumbukumbu za watu.

Hapo ndipo nilipokumbuka Turkana.

Nilifika huko nikiwa mwanafunzi Nairobi, likizo moja, kwa ukarimu wa rafiki ambaye kwao ni Lodwar. Njiani kuelekea Kalokol, karibu na ziwa, alisimamisha gari pembeni ya barabara. Mahali panaitwa Namoratunga, watu wa mawe. Nilikuwa nimetarajia kitu cha kutisha. Nilichokiona ni nguzo 19 za basalti zilizosongamana kwenye uwanda mkavu, nyingi zimeinama huku na huku kama watu waliochoka kusimama foleni. Juu yake kulikuwa na vijiwe vilivyowekwa na wapita njia. Rafiki yangu alinisimulia walivyogeuka: walikuwa wakicheza ngoma, akaja mgeni wa ajabu akawaonya wasimcheke, wakamcheka. Kisha akaokota kijiwe, akakiweka juu ya nguzo mojawapo, akapangusa mikono, akasema twende. Huyu ni mhitimu wa uhandisi. Sikumuuliza kwa nini, kwa sababu mkono wangu mwenyewe ulikuwa tayari unatafuta kijiwe chini.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba zile nguzo 19 zilipangwa kwa kuelekezwa kwenye nyota, zilezile ambazo Waborana huzitumia kuhesabu kalenda yao. Habari ikasambaa. Waafrika walikuwa na chumba chao cha kutazamia nyota, karne kadhaa kabla ya Kristo! Mimi pia ningependa iwe hivyo. Kisha miaka minne baadaye mtafiti mwingine, Robert Soper, akarudia vipimo na kugundua jambo ambalo hunichekesha kila ninapolikumbuka: mawe yale yana sumaku. Ukisimama karibu nayo na dira mkononi, mshale unavutwa na kitu kilekile unachotaka kukipima. Ubishi kuhusu nyota haukuishia pale, lakini ile picha ya mtu aliyeinamia dira yake kwa makini, na jiwe linamdanganya kimyakimya, haijanitoka.

Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni kuhusu eneo jingine, kusini zaidi, upande huohuo wa magharibi ya ziwa, Lothagam. Matokeo ya uchimbaji wake yalichapishwa mwaka 2018 na timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand. Miaka kama 5,000 iliyopita watu walichimba shimo kubwa kwenye mchanga wa ufukwe wa zamani, mpaka wakafika kwenye mwamba. Kwa karne nyingi wakawa wanazika humo, mtu juu ya mtu, wanaokadiriwa kufika 580 au zaidi: wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na kitu cha kumpendeza, shanga za mawe ya rangi, mapambo ya mifupa na meno ya kiboko. Kuna mmoja aliyekutwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya panya wa jangwani zaidi ya 100. Panya mia moja na zaidi! Fikiria jioni ngapi za kutega na kutoboa. Hakukuwa na upande wa wakubwa na upande wa wanyonge. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, na juu yake wakasimamisha nguzo walizozikokota kutoka mbali kidogo.

Hawa walikuwa wafugaji wa mwanzo kabisa katika sehemu hii ya Afrika, na hawakuwa katika kipindi cha neema. Mvua zilikuwa zinapungua, ziwa lilikuwa linarudi nyuma, pwani waliyoijua ikawa tope, kisha vumbi. Watafiti wanadhani kazi ile ya pamoja iliwasaidia watu waliotawanyika kuendelea kuwa watu wamoja. Inawezekana. Mimi ninachokiona ni rahisi zaidi. Watu waliokuwa wanapoteza mahali pa kusimama walitumia nguvu zao kusimamisha kitu kisichotoa maziwa wala kivuli.

Nguzo ya jiwe, nadhani, ni ombi. Aliyeisimamisha alijua kwamba wanaomfahamu marehemu hawahitaji jiwe. Wao wanajua pa kulia. Jiwe ni kwa ajili ya mpita njia asiyejua chochote. Linamwambia: kuna jambo hapa, pita taratibu. Basi swali langu la Sakina likawa hili. Je, ombi la mtu nisiyemjua, aliyekufa kabla sijazaliwa, lililofikishwa kwangu na jiwe lisilosema limetoka kwa nani, linanifunga?

Jibu la haraka ni hapana, na lina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Kuomba si kudai. Kila siku simu yangu inapokea ujumbe wa watu wanaoniomba nitume ile hela kwa namba hii, na sioni kama nina deni kwao. Na wafu hawaumii. Tena tukihesabu, hakuna mahali duniani pasipo na mtu chini yake. Tukimheshimu kila aliyelala, walio hai watalala wapi? Hata sheria yetu ni ya watu wanaojulikana. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 imewekwa kwa ajili ya ardhi inayotakiwa kwa matumizi ya umma, na inawatafuta wenye maslahi na kaburi, yaani ndugu. Jiwe lisilo na ndugu linakwenda kulalamika wapi?

Mwaka huohuo wa 1969, John Mbiti, Mkenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alitoa kitabu ambacho mawazo yake makuu yamebebwa na maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Marehemu anayekumbukwa kwa jina, alisema, bado yumo katika sasa; amekufa lakini yu hai kwa namna fulani, anatajwa, anamwagiwa kinywaji, anaogopwa kidogo. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika zamani, huko majina yanakoishia. Mbiti alipingwa sana, hasa kwa madai yake kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali, na mimi niko upande wa wapinzani: mtu anayesimamisha jiwe la tani nzima bila shaka ana wakati ujao wa mbali kichwani. Lakini ile picha ya kuzama naikubali. Aliye chini ya mawe yetu, kama yupo, ameshazama. Sasa hakuna kinywaji cha kummwagia kwa sababu hakuna jina la kutaja. Kwa hesabu ya Mbiti, na kwa hesabu ya sheria, deni limefutika.

Mbona basi mkono wa Koko haukufutika?

Wamaasai wa zamani hawakumzika kila mtu. Laibon au mzee mkubwa ndiye aliyelazwa na kufunikwa mawe, na kila aliyepita aliongeza jiwe lake. Maana yake rundo lile lilikua kwa mikono ya watu ambao wengi wao hawakumwona marehemu. Naona hapa kuna kitu ambacho hesabu ya deni haikigusi. Mpita njia wa kwanza aliombwa na wafiwa. Wa mia aliombwa na wale tisini na tisa. Ombi halitoki tena kwa mfu. Linatoka kwa walio hai waliolikubali mbele yako, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa gharama ndogo ya kuinama. Mimi niliinama. Nilikuwa na miaka sita na sikujua ninachofanya, na sidhani ahadi ya mtoto wa miaka sita inaweza kupelekwa mahakamani. Lakini siwezi kusema sikuombwa.

Mambo haya niliyafikiri vizuri sana nikiwa nimekaa peke yangu. Kisha Jumapili nikaenda kumwona baba mdogo.

Baba mdogo ndiye anayeuza. Figo zake zimekataa kazi, na mara tatu kwa wiki anakwenda kusafishwa damu. Bima aliyokuwa nayo iliishia na ajira. Ameshauza gari, ameuza ng'ombe wawili, amekopa mpaka kwenye vikundi vya akina mama wa kanisani. Nilimsalimia, akaitikia kwa sauti ile iliyopungua, tukanywa chai. Yake nusu kikombe, kwa sababu hata maji anapimiwa.

"Nimesikia umegoma kusaini," alisema.

"Sijagoma, baba. Nimekwama kwenye sentensi moja."

"Ipi?"

Nikaisoma. Akanyamaza kidogo.

"Una uhakika pale kuna kaburi?"

"Sina."

"Basi saini."

"Una uhakika hakuna?"

Akaitazama chai yake. "Mwanangu," alisema, "aliye pale, kama yupo, hana haraka. Mimi ninayo."

Sikuwa na la kujibu, na bado sina. Maandishi yote duniani kuhusu heshima ya wafu yanapaswa kusomwa kwanza mbele ya mtu anayepimiwa chai.

Nilipokuwa narudi nilimfikiria mtu mmoja wa visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, ambako mawe ya kale yamesimama kati ya maziwa mawili tangu miaka kama 5,000 iliyopita, rika moja na wafugaji wa Turkana. Mwaka 1814 shamba lenye baadhi ya mawe hayo lilikuwa limekodishwa na Kapteni Mackay, mgeni kisiwani. Wenyeji walikuwa wakipita shambani kwake kila mara kwa ajili ya jiwe moja lililokuwa na tundu. Wapenzi walishikana mikono kupitia lile tundu na kuapa, na kiapo hicho kilihesabiwa. Mackay alichoka na watu kukanyaga shamba. Mwezi Desemba akalivunja jiwe. Akavunja na jingine, akaangusha la tatu, kabla hajazuiwa. Wenyeji walikasirika kiasi cha kujaribu kumchomea nyumba.

Zamani nilipoisoma habari hii nilimchukia Mackay bila shida. Ni mhusika mzuri wa kumchukia: mgeni, mpangaji, hana subira. Siku ile ndani ya bajaji niligundua kwamba sikuwahi kumuuliza swali la haki. Je, alikuwa na mgonjwa nyumbani? Na wale waliokwenda na moto kuichoma nyumba yenye watu kwa ajili ya jiwe, tuwaite watunzaji wa nini?

Lile jiwe lililoangushwa lilisimamishwa tena mwaka 1906. Waliolisimamisha walikuwa na nia njema, na kwa nia hiyohiyo wakaunganisha mawe mengine ndani ya duara, wakatengeneza kama meza ya matambiko, kwa sababu waliamini lazima ilikuwapo. Miaka 66 baadaye ile meza ikabomolewa. Nalitaja hili kwa sababu binamu yangu alileta suluhisho la busara: tuyang'oe mawe, tuyapeleke kwangu, niyasimamishe uani nikiyapenda hivyo. Nililifikiria usiku mzima. Ningeyapanga umbali gani? Lipi litazame mlima? Na mtoto wangu akiniuliza kuna nini pale, nikisema "Kuna mawe," nitakuwa namwambia kweli kwa namna ambayo Koko hakukusudia.

Kwa hiyo niliacha kujiuliza kama kiwanja kiuzwe. Kiuzwe. Baba mdogo ana jina, na kuna watu wanaolijua, na nataka waendelee kulitaja akiitika. Kama kuna mtu chini ya yale mawe aliyechimba mfereji ili watu wanywe, naona vigumu kuamini angekataa. Ingawa hapo pia dira yangu inavutwa. Ni rahisi sana kumsemea mfu maneno yanayolingana na shida yako.

Kilichobaki ni yale maneno matano. Hayo siyasaini. Siogopi laana, na wala sina hakika kwamba ni uongo. Nayakataa kwa sababu ndiyo pekee katika karatasi ile yanayodai kujua. Vipimo vilipimwa. Majina yaliulizwa. Hii peke yake imeandikwa ili mtu asiulize. Mzee wa lango la boma anaweza kuwa sahihi, na mnunuzi akachimba msingi asikute chochote zaidi ya udongo. Au akakuta. Lakini wale waliosimamisha mawe, wa Kalokol na wa kwetu, walijua kwamba majina yatapotea. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia jiwe. Walichotaka kibaki ni kule kusita. Naweza kuuza ardhi. Kusita si kwangu kuuza.

Jumatano nilichukua kalamu nikaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, juu yake nikaandika: "Katika eneo kuna mawe mawili yaliyosimamishwa. Sisi wauzaji hatujui yaliwekwa kwa ajili ya nini." Nikaweka saini kwenye mstari wa sita na tarehe pembeni.

Dalali aliisoma mara mbili. Akaniambia, kwa upole ambao sikuutegemea, kwamba hela itashuka, na kuna uwezekano mnunuzi akaenda kutafuta kiwanja kingine kule Kisongo. Nikamwambia najua. Binamu zangu wawili hawapokei simu zangu tangu siku ile. Baba mdogo alipoelezwa alisema tu, "Huyo ni mjukuu wa mama," na mpaka sasa sijajua kama alikuwa ananisifu au ananishtaki.

Leo ni Ijumaa. Yuko kwenye mashine mpaka saa nane mchana, zamu ya kumsubiri nje ni yangu, na mnunuzi bado hajajibu.